Kiti Namba Tatu

Mkutano wa nishati safi ulifanyika katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na Lucius Tarver alihudhuria kwa sababu moja tu: tangazo lilisema kutakuwa na kuku wa kukaanga. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye suti ya rangi ya maziwa isiyotambua kwamba ni Desemba, na maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Ukiuliza anafanya kazi gani, upande huu wa mashariki wa mji wa Buffalo watu watakuangalia tu. Aliwahi kuuza tiketi za gwaride la bure. Aliwahi kukodisha makoleo ya theluji yaliyogawiwa na manispaa. Na bado waliotapeliwa walimsalimia, kwa sababu Lucius hakusahau kamwe kuulizia hali ya mama wa mtu.

Mbele ya ukumbi, kijana wa serikali mwenye sweta alikuwa ametundika ramani. Sehemu za zambarau, alieleza, ni mitaa iliyoachwa nyuma. Safari hii fedha za umeme wa jua na pampu za joto, mashine za umeme za kupasha nyumba moto, haziishii kwa wenye nazo. Lazima zifike kwenye zambarau, na kazi wapewe kwanza mafundi wenye ofisi ndani ya zambarau, hasa kampuni za wanawake na za watu weusi. Watu wakapiga makofi ya adabu. Mimi nimekaa mji huu majira ishirini na mawili ya baridi, na ramani naziheshimu, lakini sijaona bado ramani inayopasha nyumba moto.

Bi Odessa Gilliam akasimama. Huyu ana saluni ya nywele Mtaa wa Landry kwa mwaka wa thelathini na moja sasa, na akisimama na kofia yake ya Jumapili hata mchungaji hufupisha sala.

"Mwanangu," alimwambia yule kijana, "boila yangu ya kupasha jengo moto ina miaka mingi kuliko wewe. Jiji wameniandikia barua: isipobadilishwa kabla Januari haijaisha, wanafunga jengo. Fomu zenu nimejaza mara tatu. Mnanipa pampu ya joto, hamnipi?"

"Bi Gilliam, tatizo ni nyaya za jengo lako. Zimechoka. Hatuwezi kufunga mashine mpya kwenye nyaya za zamani."

"Basi wekeni nyaya."

"Nyaya hazimo kwenye mpango, mama. Ukishazitengeneza mwenyewe, ndipo tunakusaidia."

"Nimekuelewa. Mnasaidia maskini, ila asiwe maskini sana."

Ukumbi ulicheka. Kijana wa watu akawa mwekundu hadi masikioni. Kabla hajapoa, akainuka Renita, binti wa kaka yake Bi Odessa, fundi umeme mwenye leseni, gari, na viganja vyenye sugu za kazi.

"Mimi nataka hizo kazi. Ni mwanamke, ni mweusi, na umeme naujua. Nianzie wapi?"

"Vizuri sana! Ofisi yako iko wapi?"

"Nyumbani. Landry, ng'ambo ya saluni ya shangazi."

Kijana akaisogelea ramani, akapitisha kidole, akakunja uso. "Samahani. Mstari umepita katikati ya barabara. Saluni iko ndani. Wewe uko nje."

"Nje ya nini?"

"Ya... kuachwa nyuma."

"Kumbe nimeendelea! Mbona hamkunipigia simu?"

Watu walicheka tena, lakini Renita hakucheka. Alikaa chini akiwa amekunja mikono, maana ilikuwa mara ya pili mwaka huo kukosa kazi kwa sababu ya barabara anayoivuka kila siku kwenda kwa shangazi.

Nyuma ya ukumbi, Lucius aliweka chini mfupa wa paja. Duniani kote watu hulipa watoke kwenye umaskini. Hapa, kama hakusikia vibaya, kulikuwa na matajiri ambao wangelipa waingie.

Jumanne iliyofuata alikuwa saluni kwa Bi Odessa, kofia mkononi.

"Bi Odessa, mama yangu! Mama yako hajambo?"

"Alikufa mwaka tisini na nane. Ulikuja kula."

"Na bado namkumbuka! Nasikia una kiti kitupu."

Saluni ilikuwa na viti vitano. Kama ilivyo desturi ya saluni zetu, kila msusi hukodi kiti kwa wiki na kula jasho lake. Kiti namba tatu kilikuwa kitupu tangu mwenyewe ahamie Atlanta kwa binti yake.

"Unajua kusuka wewe?"

"Nitashughulika na wigi. Kwa wanaume wenye aibu zao."

Bi Odessa akamsukumia karatasi ya sheria za nyumba, ileile iliyotundikwa ukutani. Sheria ya kwanza ilikataza umbea wa kanisani kabla ya saa sita mchana. Ya pili na ya tatu zilihusu ufagio. Ya nne ilisema kiti kisichotengenezewa nywele siku saba mfululizo kinarudi kwa mwenye nyumba. Lucius alitia saini bila kusoma. Maisha yake yote aliishi kwa karatasi ambazo wengine hawakuzisoma, na haikumpitia akilini kwamba na yeye ni mmoja wa wengine.

Siku ya tatu alimleta mteja wake wa kwanza. Bwana Gordon Haupt alikuwa na kampuni ya umeme kule nje ya mji ambako kila nyumba ina gereji tatu, na kampuni aliiandikisha kwa jina la mkewe, ambaye alidhani wanauza taa za bustani. Lucius alimkalisha mwisho wa chumba, jirani kabisa na draya, zile kofia kubwa za kukaushia nywele. Kina mama wanne walikuwa wameketi chini ya draya hizo, rola za nywele vichwani, magazeti mikononi.

Haupt akawatupia jicho. "Hawa hawatusikii?"

"Bwana Haupt, mwanamke aliye chini ya draya hata tarumbeta ya kiyama haisikii. Nimekulia saluni mimi." Lucius akavuta kiti karibu. "Sasa nikuulize. Unataka kuwa maskini?"

"Kiasi gani?"

"Kwa anwani tu. Hiki kiti namba tatu kimo ndani ya zambarau. Nakupangishia. Unaandika hapa ndiyo ofisi ya mkeo, serikali inakupa kazi za mtaa mzima, halafu unarudi kwenye gereji zako."

"Na una hakika umeisoma vizuri ramani hiyo?"

"Nimeishi ndani ya ramani hiyo tangu tumboni."

Haupt alitoa bahasha. Alikuwa mtu wa kanisa pia, na kabla ya kuitoa aliuliza kama jambo hili ni halali. Lucius akamwambia kwamba umaskini haujawahi kuwa kosa la jinai. Haupt akaridhika.

Jambo ambalo Lucius hakulijua ni dogo. Zile nyaya zilizokataliwa na serikali zilikuwa na uwezo wa kuendesha draya moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwasha ya pili, saluni nzima inaingia gizani. Kwa hiyo tangu miaka minne iliyopita, kina mama walikaa wanne kwa mazoea na kwa stori, lakini draya iliyowaka ilikuwa moja, na aliyekuwa chini yake siku ile alikuwa Bi Hattie, ambaye ni kiziwi hata akiwa barabarani. Wengine watatu walisikia kila neno, hadi mlio wa bahasha.

Wanaume walipotoka tu, Bi Earline akachomoa kichwa. "Odessa! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tuite polisi?"

"Polisi wataniletea nyaya?"

Renita, aliyekuwa kiti namba mbili akisukwa, alikuwa amefura. "Shangazi, yule mzungu anapewa umaskini wako kwa bahasha, mimi niliyezaliwa hapa naambiwa nimeendelea! Na wewe umekaa kimya?"

"Tulia, kichwa chako kisitikisike, mstari utaenda upande. Kwanza tuone anawaleta wangapi."

Aliwaleta watatu. Baada ya Haupt, alikuja mwenye kampuni ya pampu za joto, halafu mwenye kampuni ya paneli za jua. Kila mmoja aliuziwa kiti kilekile na kuapishwa asimwambie mtu. Lucius alianza kuvaa soksi za hariri. Siku saba zikapita hajagusa hata unywele mmoja. Siku ya nane Renita alivuka barabara na leseni yake ndani ya fremu, akaipigilia msumari ukutani nyuma ya kiti namba tatu. Lucius aliiona, akadhani ni pambo, akasema inapendeza.

Wiki hiyohiyo Bi Odessa alimkuta anajitazama kwenye kioo.

"Lucius, mwanangu, naogopa."

"Unaogopa nini nami nipo?"

"Wale watu wako wanaosema hapa ni ofisi yao. Nasikia mkaguzi wa ule mpango wa serikali anakuja kuona kwa macho. Kule mji wa Rochester alikuta kiti na ua la plastiki, akafunga faili palepale. Anataka aikute kampuni iko kazini, nyundo zinalia." Akahema. "Lakini mimi najua nini? Mimi mwanamke wa nywele tu."

Lucius alimpuuza. Kufika mchana alikuwa ameshaligeuza kuwa wazo lake mwenyewe, na jioni aliwapigia simu wateja wote watatu kuwaeleza jinsi alivyolifikiria.

"Kazi ya maonyesho, Bwana Haupt! Hapohapo kwenye ofisi yako. Badilisha nyaya za jengo zote, mkaguzi akute mafundi wanatoka jasho."

"Bure?"

"Unapanda mahindi unalalamikia mbegu? Mtaa mzima unakungoja!"

Tamaa ni kitu cha ajabu. Haupt, ambaye huko kwao hupeleka ankara hata kwa kubadilisha balbu, alileta mafundi sita na nyaya mpya za jengo zima. Baada yake yule wa pili akaleta pampu za joto, na boila ikatolewa vipandevipande kwa mlango wa nyuma. Wa tatu akapanda paani na paneli zake. Kila mmoja aliambiwa kwamba wengine ni vibarua wa mwenye nyumba. Bi Odessa aliomba karatasi moja tu, kwamba kazi yote ni ya maonyesho na yeye hadaiwi kitu, na Lucius mwenyewe aliiandika kwa mwandiko mzuri na kuwasainisha wote watatu kwa nyakati tofauti.

Kikwazo kilikuwa kibali. Jiji haliruhusu waya kuguswa bila jina la fundi mwenye leseni, na Haupt hakutaka jina lake, kwa kuwa jina lake lilikuwa na anwani ya kwenye gereji tatu. Lucius akamwendea Renita akitabasamu kwa meno yote.

"Binti yangu, nisaidie saini hapa. Dakika moja tu."

"Sisaini nisichokikagua."

"We saini tu, mambo ya kukagua waachie wanaume."

"Basi wakasaini wanaume."

Ikabidi akague. Alipanda darini, akashuka chini ya sakafu, akawafumulisha mafundi wa Haupt boksi zima la umeme wakalifunga upya mara mbili, kwa sababu waya mmoja ulikuwa umebanwa kizembe. "Hapa anakaa shangazi yangu," aliwaambia. "Mkiunguza, mnaungua na nyinyi." Mwisho ndipo akasaini, na kibali kikabandikwa kwenye kioo cha mlango kwa jina la kampuni yake: Umeme wa Gilliam, Mtaa wa Landry, kiti namba tatu. Haupt alikipita kila asubuhi akiingia. Lucius pia. Hakuna anayesoma karatasi ya mlangoni.

Siku ya ukaguzi iliangukia wiki ya mwisho ya Januari. Lucius aliwapangia watu wake kwa akili: Haupt saa tatu, wa pampu saa nne, wa paneli saa tano, na mkaguzi alikuwa amekubali kupitia faili moja baada ya jingine. Alisahau kitu kimoja ambacho mtoto wa Buffalo hasahau. Ziwa lililo ubavuni mwa mji lilifungua mdomo alfajiri likamwaga theluji hadi magotini, barabara zikafungwa, na gari la kusukuma theluji lilipofungua Landry saa tano kasoro, nyuma yake yalikuja magari manne kwa mstari mmoja. La kwanza lilikuwa la mkaguzi, Bi Wojcik. Matatu yaliyofuata mnayajua.

Wakaingia wote pamoja wakikung'uta viatu.

"Natafuta kiti namba tatu," alisema Bi Wojcik, mwanamke mrefu mwenye chupa ya chai kwapani.

"Ndiyo ofisi yangu," alisema Haupt.

"Yako?" alisema wa pampu.

"Subirini kwanza, ninyi ni vibarua," alisema wa paneli.

Lucius alikohoa. "Mabwana, mabwana! Kiti kinaweza kukaliwa kwa zamu. Mimi ndiye niliyekipanga, na mkataba huu hapa!"

Bi Wojcik akaupokea, akausoma. Kisha akainua macho ukutani, akasoma na sheria za nyumba, polepole, kama mtu anayelipwa kwa kusoma. "Bwana Tarver, mara ya mwisho kumtengeneza mtu nywele kwenye kiti hiki ni lini?"

Bi Earline aliachia gazeti.

"Nywele... kwa maana ipi?"

"Hajagusa hata moja tangu aje," alisema Bi Odessa. "Kiti kilirudi kwangu siku ya nane. Nikampangishia mwenye leseni. Faili lake unalo, mama, la nne hapo chini."

Bi Wojcik akalitafuta, akalipata. Renita alikuwa amesimama nyuma ya kiti namba tatu, mikono mfukoni. Aliulizwa ni nani aliyefanya kazi hii. Akajibu kwamba mikono ni ya wengi ila dhamana ni yake, na kibali kiko mlangoni. Aliulizwa boksi la umeme linabeba mzigo gani, na kwa nini pampu zimewekwa ukuta wa kusini, akayajibu yote bila kutazama karatasi. Haupt alipoulizwa swali lilelile kuhusu kampuni ya mkewe, alisema mkewe anajua, lakini leo amekwenda kucheza tenisi.

"Kwenye theluji hii?" aliuliza Bi Wojcik.

Akafunga mafaili matatu, akapiga muhuri la nne. Renita alisema asante mara moja tu, kisha akageuka ukutani kuinyoosha fremu ya leseni ambayo haikuwa imepinda. Mimi sioni aibu kusema kwamba nilifurahi sana.

Wale mabosi watatu walitazamana. Halafu, kwa mara ya kwanza katika biashara yao ya pamoja, walikubaliana jambo moja, wakageuka kumtafuta Lucius.

Lucius hakuwepo. Alikuwa ameshafika chumba cha nyuma, lakini mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na theluji na mabaki ya boila. Akageuka, akamkuta Bi Odessa amesimama nyuma yake na taulo.

"Mama yangu, niokoe! Wataniua wale."

"Nani akuue, mwanangu? Njoo." Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Vua koti nikutundikie. Nani atamtazama mteja?"

Akamvua koti la rangi ya maziwa, ambalo mfuko wake wa ndani ulikuwa umevimba kwa bahasha tatu. Akamfunga kitambaa shingoni, akamsokota rola kumi na mbili kwa kasi ya mwanamke wa miaka thelathini na moja kazini, akampitisha kwa mlango wa pembeni na kumkalisha katikati ya Bi Earline na Bi Hattie, gazeti usoni. Lucius alimshukuru hadi machozi. Alijua hapo atasikia kila kinachosemwa, na akisikia wameondoka, atachukua koti lake na kupanda basi la kwenda Cleveland.

Kisha Bi Odessa akabonyeza swichi.

Draya zote nne ziliwaka kwa mpigo. Taa hazikuyumba. Kina mama walipiga kelele za furaha, wakashikana mikono, kwa kuwa miaka minne walikuwa wakingoja zamu. Joto likashuka kichwani mwa Lucius na mlio ukamjaa masikioni, na ulimwengu wote ukabaki midomo tu.

Aliona Bi Odessa akiwaendea mabosi watatu. Aliona midomo yake ikisema kitu, na Haupt akisema kitu. Moyo ulimwambia kwamba mama anawadanganya, anawaambia Lucius amekimbilia kituo cha basi. Mwanamke mwema sana yule! Aliona koti lake la rangi ya maziwa mkononi mwake, na akajiuliza kwa nini amelitoa. Akamwona anawapa. Haupt akaingiza mkono mfuko wa ndani.

Halafu Bi Odessa akageuka, akanyoosha kidole kuelekea kwenye draya, na watu wote saluni wakamtazama Lucius, hata mkaguzi na chupa yake ya chai.

Alidhani anatambulishwa kama mteja. Kwa hiyo, kama mtu mstaarabu aliyekulia saluni, alishusha gazeti kidogo, akatabasamu, na kuwapungia mkono.